Fundi Viatu Chini ya Chuma

Siku hizi wasichana wanaolala chali kwenye benchi na kusukuma vyuma vizito kuliko wao wenyewe ni wengi, wala hakuna anayewatolea macho. Wana jezi zao, wana makocha wao, wana hata mashabiki wa kuwapigia makelele hadi sauti zikauke. Wachache wanajua kwamba zamani si sana mlango ule ulikuwa umefungwa kwa wanawake, na aliyeufungua ni fundi viatu mmoja mwenye miguu isiyoweza kumbeba hata hatua moja na mdomo mkali kuliko kisu chake cha kukatia ngozi. Watu walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana nyumbani tu, na hata huko walishaanza kulisahau.

Ila ukimsifu Winchi bila kumtaja dada yake, utakuwa umesimulia nusu. Maana siku ile ya siku, mtu aliyekaribia kuharibu kila kitu hakuwa adui wala mwenye wivu. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyempenda kuliko roho yake.

Dada alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja, viti vitatu, kioo kilichopasuka pembeni na redio iliyokubali kituo kimoja tu. Nje ya mlango, chini ya mwavuli mkubwa uliopauka, Winchi aliweka meza yake ya nta, uzi, gundi na misumari midogo. Mteja aliingia kusukwa akiwa na viatu vilivyoachama, akatoka kichwa kimependeza na viatu vimefunga midomo. Utani wa pale haukuisha. Watu walipenda kumwuliza Winchi imekuwaje fundi viatu mzima awe na pea moja tu miaka yote, naye aliwajibu kwamba viatu vyake vimepata kazi nzuri, vinakaa tu, havitumwi popote.

Homa ndiyo iliyompooza, hajatimiza hata miaka mitatu. Msusi, aliyekuwa mkubwa wake kwa miaka sita, akakabidhiwa mdogo wake kama mtu anavyokabidhiwa trei ya mayai. Mama yao hakuwa mkali, ila neno lake lilikuwa moja: "Huyu akianguka, nitakuuliza wewe." Na kuanguka Winchi alikujua! Alianguka kwenye ngazi, alianguka bafuni, alianguka akifukuza kuku kwa magongo kwa sababu alikataa katakata kuamini kwamba kuku ni mwepesi kuliko yeye. Msusi akajifunza kumdaka. Alimdaka ana kikombe cha chai mkononi, alimdaka huku anaongea na mtu mwingine, alimdaka nusu usingizini. Ikafika mahali mikono yake ikawa inatangulia akili. Hata utu uzimani, gongo likiteleza kule nje, mteja aliachwa kwenye kiti na msuko nusu, msusi keshafika mlangoni.

"Dada, iko siku utanidaka nikiinama kuokota sindano," Winchi alimwambia.

"Bora nikudake bure kuliko nikukose."

Hapo hapakuwa na ubishi, na maisha yakaendelea hivyo miaka mingi.

Kisha akaja Kocha. Huyu alikuwa na jimu mtaa wa pili, mwanamume mnene ambaye kitambi chake kilifika mahali kabla yake, lakini ujuzi wa vyuma alikuwa nao kichwani. Alikuja na mfuko wa turubai uliokatika mkanda mmoja, anauburura kwa mikono miwili huku anahema.

"Fundi, nishonee mkanda huu. Ngoja, usiuguse. Ndani mna sahani za chuma, nitakuinulia mwenyewe niuweke me..."

Hakumaliza. Winchi alikuwa ameshapitisha mkono mmoja kwenye mkanda mzima, akauvusha mfuko juu ya meza na kuutua mapajani, tayari anatafuta uzi unaofaa. Kocha akainama kuukagua ule mkono.

"Umejifunzia wapi hayo?"

"Yapi?"

"Kunyanyua."

"Sijajifunza. Nyinyi mnatembea kwa miguu, mimi natembea kwa mabega tangu utoto. Hebu geuka uone zile ngazi za posta. Kila nikienda pale nanyanyua mtu mzima hadi juu, na mtu mwenyewe ni mimi."

Kocha akavuta kigoda akakaa, na mkanda ukashonwa ukaisha yeye bado anaongea. Alimweleza kwamba kuna mchezo wa watu ambao miguu yao imegoma. Unalala chali, unapewa chuma mikononi, unakishusha hadi kifuani, unakituliza pale kisitikisike, halafu unakisukuma hadi viwiko vinyooke. Nchi nyingine wanawake walishaanza. Hapa walikuwa wanaume watupu.

"Kwa nini wanaume watupu?"

Kocha akajikuna kidevu. "Kusema kweli, hakuna mwanamke aliyewahi kuuliza."

"Basi mmoja ameuliza."

Msusi akatokeza mlangoni na kitana mkononi. "Ameuliza nini tena huyu?"

Alipoelezwa, alikataa kwa kinywa kipana. Alitaja shingo, alitaja mbavu, alitaja mtu fulani aliyewahi kuangukiwa na mlango. Lakini Winchi akishakata shauri huwa amekata, na kumzuia ni kujichosha. Mwisho msusi akaamua jambo moja: kama kuna chuma kitakachoning'inia juu ya shingo ya mdogo wake, basi na yeye atakuwepo, amesimama hapo hapo, macho makavu.

Hivyo ndivyo alivyogeuka mpokezi. Mchezo ule una wapokezi wawili, mmoja kila upande wa benchi. Kazi yao ni kukitoa chuma kwenye vishikizo, kumpa mchezaji, na kukipokea akimaliza. Upande wa kushoto alisimama msusi. Upande wa kulia alisimama mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa masihara ambaye hakuweza kumwona shemeji yake bila kumchokoza.

Mwanzo ulikuwa mgumu, asikwambie mtu. Benchi la jimu lilikuwa jembamba, miguu ya Winchi ikawa inaporomoka huku na huku kila akijaza pumzi. Shemeji akaenda karakana akachomelea benchi jipya, pana kuanzia mabegani hadi visiginoni.

"Shemeji, kitanda ndicho hicho," akasema akilipangusa. "Cha harusi atatengeneza bwana harusi."

"Utatengeneza wewe wewe, tena cha chuma kama hiki. Anayenitaka mimi hawezi kuwa mwepesi."

Mikanda ya kufungia miguu aliishona Winchi mwenyewe, kwa ngozi ya viatu vya jeshi, na bizimu alizozitoa kwenye mabegi mabovu. Wanaume wa jimu walikuwa na maneno yao siku za mwanzo. Mmoja alimwuliza kama amefuata viatu vya kushona. "Nimefuata mabega," Winchi akamjibu, "hayo yako nayaona yamelala tu, niazime." Watu wakavunjika mbavu, na kuanzia hapo wakampa nafasi yake. Alikuwa anafika asubuhi kabla ya kufungua meza, anajifunga mikanda, anapaka chaki viganjani, analala. Kuna siku mabega yalimuuma hadi akashindwa kuvuta uzi kwenye soli, na mteja akaambiwa arudi kesho. Hakukosa mazoezi kwa sababu hiyo. Hata siku mvua iliponyesha na matope yakameza magongo yake hadi nusu, alifika, na Kocha akamkuta mlangoni anamsubiri yeye mwenye funguo.

Kazi kubwa haikuwa kusukuma. Ilikuwa kutulia. Chuma kikigusa kifua, kila kiungo mwilini kinataka kukitupa juu haraka kiondoke, nawe unatakiwa usitikisike.

"Kaa kimya kama unasikia hodi na hutaki wajue upo ndani," Kocha alimwambia.

Wapokezi nao walipewa somo lao. "Mnampa chuma, mnaachia. Mwamuzi akisema 'Rudisha', mnapokea. Katikati hapo nyinyi ni nguzo za nyumba. Mkigusa, hata kwa ncha ya kidole, mnyanyuo umekufa."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri sana, tatizo halikuwa kuelewa. Chuma kilipoyumba kidogo tu, kidole chake kilikuwa kipo. Si kukinyanyua, la, kukigusa tu, kama unavyomgusa mtoto anayejifunza kusimama. Winchi alikuwa akilalamika: "Dada, nilikuwa nakimaliza!" Naye alijibu: "Si nimegusa tu jamani." Kocha, Mungu amsamehe, aliona ni upendo, akasema mazoezini si neno, siku yenyewe ikifika atajizuia. Wakaachia hivyo. Miezi ikapita, uzito ukaongezeka, na kidole kikawa sehemu ya mazoezi bila mtu kukihesabu.

Huku nyuma Winchi na Kocha walikuwa wameshafika ofisini kwa mwenyekiti wa chama cha mchezo huo. Mwenyekiti alikuwa na meza kubwa, feni, na ulimi wa asali.

"Binti yangu, sisi hatumbagui mtu. Kundi la wanawake tutalifungua siku tutakapompata mwanamke."

Winchi akajiangalia kifuani, akajiangalia magotini. "Nipo hapa, mzee."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akakohoa. Alimaanisha mwanamke mwenye kiwango, akasema. Wakavutana, Kocha akatoa jasho, mwisho mwenyekiti akataja kiwango: kilo tisini, siku ya mchujo, mbele ya waamuzi na watu. Akikinyanyua, kundi la wanawake linafunguliwa rasmi na yeye anaingia kwenye timu inayosafiri. Akishindwa, "tutazungumza tena mbele ya safari." Mimi nimekaa sana kwenye mabenchi ya ofisi, na ninajua maneno hayo maana yake ni usirudi.

Kilo tisini zilikuwa karibu uzito wa Winchi mara mbili. Kule jimu alikuwa ameshazifikisha juu mara kadhaa. Tatizo ni kwamba kila mara kidole cha kushoto kilikuwepo.

Siku ya mchujo ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi wa shule, na harufu ya viatu vya michezo na rangi mpya, na viti vya plastiki vimepangwa hadi ukutani. Safu ya mbele walikaa wasichana watano waliokuja na mwalimu wao, wengine kwenye viti vya magurudumu, mmoja na magongo mafupi yaliyomzidi umri. Walikuwa wamesikia kwamba kuna mwanamke atakayenyanyua chuma, wakataka kuona kwa macho yao kama ni kweli au ni stori za watu. Winchi aliwaona, akaacha kutania.

Kila mchezaji alikuwa na minyanyuo mitatu. Waamuzi walikuwa watatu pia, kila mmoja na kibao cheupe cha kukubali na chekundu cha kukataa.

Mnyanyuo wa kwanza aliuharibu mwenyewe. Moyo ulimwenda mbio, chuma kikagusa kifua na hapo hapo akakirusha juu bila kukituliza. Kilipanda kama mfuko mtupu, lakini vibao vyekundu vitatu vilisimama. Akacheka. "Haya, hodi wameisikia," akamwambia Kocha. Nguvu alikuwa nazo, kila mtu ukumbini aliona.

Mnyanyuo wa pili ulikuwa mzuri hadi raha. Chuma kilishuka taratibu, kikatua kifuani, kikatulia. Winchi akasukuma. Kikapanda, kikapanda, kikafika nusu ya safari, na hapo mkono wa kushoto ukakwama. Chuma kikainama upande mmoja, kikaanza kutetemeka.

Msusi hakuamua kitu. Huo ndio ukweli, na aliyewahi kulea mtoto anaelewa. Alishtukia tu kwamba viganja vyake vina baridi ya chuma.

Chuma kikafika juu, viwiko vikanyooka, watu wakalipuka kwa shangwe. Kisha wakaona vibao, vyekundu vitatu, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mpokezi amegusa," akasema mwamuzi mkuu, mwanamke mfupi aliyevaa miwani kwenye kamba.

Kocha akamrukia kwa maneno. "Alikuwa anakimaliza! Kila mtu ameona alikuwa anakimaliza!"

"Inawezekana. Lakini mpokezi ni wenu na mkono ni wenu. Mmebakiwa na mmoja."

Waliwapa nafasi ya kupumzika kwenye stoo ya shule, katikati ya mipira na nyavu. Winchi alikaa juu ya rundo la mikeka, magongo kando. Msusi alisimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mikono imekwenda yenyewe."

Winchi akapangusa chaki viganjani.

"Kiliinama. Niliona kinakuangukia."

"Hakikuwa kinaniangukia, dada. Kilikuwa kinajishauri."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungengoja!" Sauti yake ilipanda ghafla, na msusi akarudi nyuma hatua moja, maana Winchi alikuwa mtu wa kejeli, hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Ungengoja, ungejua. Unajua kinachoniuma si kile kibao chekundu. Kinachoniuma ni kwamba sijui. Miezi yote hii, kila nikikaribia juu, kidole chako kipo. Sijui kama kilo tisini ninazo mimi, au tunazo mimi na wewe. Wale watoto wamekuja kuangalia nini pale mbele? Mwanamke, au mwanamke na dada yake?"

Msusi akakaa kwenye gunia la mipira, akaanza kulia kwa sauti ya chini, khanga mdomoni. Maneno yalimuingia mfupani kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa ameona fahari kumdaka mdogo wake maisha yote, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza mdogo wake angefika wapi asipodakwa.

"Nitatoka nje kabisa," akasema. "Nitakaa barabarani hadi muishe. Watafute mtu mwingine."

Kumbe Kocha alikuwa na wazo hilo hilo. Akaingia akimvuta mkono kijana mmoja wa klabu nyingine, mrefu, mabega kama kabati. "Nimempata. Huyu hana undugu na mtu. Hata ukate roho mbele yake hagusi."

"Ah, Kocha, usiniseme hivyo," kijana akalalamika.

Winchi akamtazama kuanzia chini hadi juu, akamtazama dada yake aliyevimba macho. 

"Mrudishe," akasema.

"Winchi, usiwe kichwa ngumu sasa hivi! Umebakiwa na mmoja. Mmoja!"

"Mrudishe, Kocha. Kaka, asante, huna kosa. Lakini wewe ukiniacha, utaniacha kwa sababu hunijui. Mimi nataka niachwe na anayenijua." Akageukia upande wa gunia. "Futa uso, dada. Twende."

"Sitaweza."

"Utaweza."

"Nakwambia sitaweza! Hunisikii? Kikikwama tena, mimi mikono yangu..."

"Kitakwama," Winchi akasema, sauti imerudi chini. "Kitakwama pale pale, najua. Mimi nimejifunza kulala chini ya chuma. Wewe jifunze kunisimamia bila kufanya kitu. Ya kwako ngumu zaidi, hilo nakubali. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Msusi akapangusa machozi kwa ncha ya khanga, akaamka, akamwokotea magongo. Kisha akasita, akayarudisha pale yalipokuwa. Winchi akayaokota mwenyewe.

Walipoitwa, ukumbi ulikuwa umetulia kuliko mwanzo. Winchi akapanda benchini, akajivuta hadi mahali pake, akafunga mikanda ya miguu na kuikaza kwa meno. Shemeji mtu alikuwa upande wake wa kulia, na safari hii hakuwa na utani wowote. Msusi akasimama kushoto. Wakakitoa chuma, wakampa, wakaachia.

Mara tu alipoachia, msusi alipeleka mikono nyuma ya mgongo, akaushika mkono mmoja kwa mwingine, akaukaza hadi kucha zikazama.

"Anza!"

Chuma kikashuka. Kikatua kifuani. Kikatulia. 

Halafu kikaanza kupanda.

Kilifika nusu, na pale pale, kama alivyosema, kikakwama. Mkono wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukabaki, chuma kikainama kuelekea upande wa msusi kabisa, kikaanza kutetemeka mbele ya tumbo lake. Angetaka angekigusa kwa kitovu.

"Shika!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

"Mshikie mwenzio! Shika wewe mama!"

"Ataumia huyo! Shikaaa!"

Mumewe alikuwa anamtazama, macho yamemtoka, anasubiri akisogea naye asogee. Mwalimu wa wale wasichana alikuwa ameshasimama. Kelele zilikuwa nyingi hadi zikawa kitu kimoja, na msusi akazifungia nje zote, kila neno, kila jina aliloitwa.  Akamtazama mdogo wake usoni. Mishipa ilikuwa imesimama shingoni, mdomo umekunjwa, jasho linamwingia machoni. Lakini macho yenyewe hayakuwa yanamtafuta mtu. Hayakwenda kushoto wala kulia. Yalikuwa yamekikazia kile chuma kana kwamba ukumbini hakuna kingine, na msusi, aliyemfahamu tangu siku aliyozaliwa, alikuwa hajawahi kuuona uso ule. Akaogopa. Kisha hofu ikageuka kitu kingine, akajikuta anamheshimu mdogo wake kama anavyomheshimu mtu mzima asiyemjua.

Akakaza mikono nyuma ya mgongo.

Chuma kikajishauri. Kikatikisika. Kiwiko cha kushoto kikafunguka kidogo, kikasimama, kikafunguka tena. Upande uliobaki nyuma ukaanza kuufuata ule mwingine, polepole hadi mtu angetamani kukisukuma kwa pumzi. Wasichana wa mbele walikuwa wamenyoosha mikono yao juu bila kujua, wote watano, wanasukuma hewa. Na chuma kikafika. Viwiko vyote viwili vikanyooka, vikafunga.

"Rudisha!" mwamuzi mkuu akaita.

Shemeji akakishika upande wake, akangoja. Upande wa kushoto hakikushikwa.

"Rudisha!" mwamuzi akarudia.

"Mama watoto, pokea! Pokea, bwana!"

Sasa hata waliokuwa wakimtukana kwa kutoshika walikuwa wanacheka, wanalia, wanampigia kelele ile ile: shika, shika, shika. Msusi hakusikia. Alikuwa amewafungia wote nje na hakujua wakati wa kufungua. Alisimama kama nguzo, mikono nyuma, machozi yanamdondoka kidevuni, anamlinda mdogo wake dhidi ya mikono yake mwenyewe.

"Dada."

Sauti ilitoka chini yake, imebanwa na pumzi na kicheko kwa pamoja.

"Dada, nimemaliza. Nipokee sasa, nimechoka."

Hapo ndipo mikono ilipoachana. Msusi akainama, akakishika chuma, akakirudisha na mumewe kwenye vishikizo. Kisha akainua uso kuwatazama waamuzi, roho mkononi, na ukumbi mzima ukazidi kucheka, kwa sababu vibao vyeupe vitatu vilikuwa vimesimama zamani na yeye ndiye mtu wa mwisho kuviona.